Mkono Uliobaki Hewani

Kiburi kina nguo nyingi, na iliyo safi kuliko zote ni staha. Nimeishi miaka ya kutosha kuwaona watu wakiiba, wakidhulumu na kusengenya, na makosa hayo nimeyasikia yakikemewa vya kutosha. Kosa la nyumba yetu sijalisikia likikemewa popote, kwa kuwa kwa nje linafanana na wema. Ni kosa la mtu kuficha udhaifu wake hata akawa radhi aonekane katili kuliko aonekane mhitaji. Na ni kosa la jamaa zake wanaomsaidia kuficha, kila mmoja akidhani anamsitiri. Nilikuwa na umri wa miaka kumi na mitatu nilipoliona likifanya kazi yake, na nilikuwa miongoni mwa waliolihudumia.

Wiki tatu zilizopita nilipigiwa simu na mwanamke nisiyemjua. Alisema mama yake amefariki huko Kikambala, na kwamba marehemu hakuchoka kusimulia habari za mzee mmoja wa Malindi na bakora yake. Je, mimi ndiye binti wa mzee huyo? Nikamwambia ndimi. Nilikwenda mazikoni, nikaketi chini ya turubai pamoja na watu wa kanisa lake, nikasikiliza nyimbo za lugha nisiyoifahamu. Tangu siku hiyo mwaka ule mmoja wa mwanzoni mwa miaka ya themanini umenirudia wote, na vyumba vyake na harufu zake.

Kila Ijumaa baada ya sala ya alasiri, Baba alikuwa akitutoa matembezi. Tulishuka kwa kichochoro cha msikiti, tukaibukia barabara ya ufukweni pale penye ukuta mfupi, tukafuata mivinje hadi gatini, kisha tukarudi. Baba alitangulia, kanzu imepigwa pasi hata inasimama yenyewe, bakora mkononi. Mama alifuata hatua moja nyuma, upande wa kulia. Kisha dadangu Zuhura, kisha mimi. Miezi ambayo mto Sabaki umefurika, bahari yetu hugeuka rangi ya chai ya maziwa, na watalii walikuwa wakisimama ukutani wakiitazama kama watu walioibiwa. Sisi hatukwenda kutazama bahari. Tulikwenda kuamkiana. Barabara ile ilikuwa baraza la mji mzima: aliyepita bila kusalimu alikuwa na la kujibu, na aliyesalimiwa kwa jina, akapewa mkono na kuulizwa nyumba yake, alirudi kwake amenyooka mgongo. Baba alisifika kwa jambo hilo. Alikuwa karani wa ofisi moja ya serikali, mwenye hati nzuri na kumbukumbu ya ajabu ya majina. Sikujiuliza kwa nini, kila alipokaribia mtu kutoka ubavuni, kidole cha Mama kiligusa kiwiko cha Baba kupitia buibui, na Baba akageuza kichwa kizima, kama mlango, kabla ya kutabasamu. Nilidhani ndivyo wake wote wanavyotembea na waume zao.

Sikujiuliza pia kwa nini nyumbani kwetu hapakuhamishwa kitu. Kiti cha Baba kilikaa chini ya dirisha la sebule, meza ya chai hatua mbili mbele yake, mtungi pembeni mwa mlango. Na ole wake aliyeusogeza mtungi. Baba aliketi pale kila jioni akisoma gazeti, hata yale maandishi madogo ya matangazo, bila taabu. Mtu anayesoma maandishi madogo, nani atamshuku macho?

Aliyemshuku alikuwa mpangaji wetu. Mama alikuwa amempangisha chumba cha uani mwanamke wa bara, Mkamba, aliyefanya kazi ya kufua mashuka katika hoteli ya pwani. Alikuwa na umri wa miaka thelathini hivi, mrefu, mikono imepasuka kwa sabuni. Sote tulimwita Mpangaji, usoni na mgongoni. Tulicheka alivyowaamkia watu wazima. "Husema 'habari yako' kama anayeuliza bei ya nazi," alikuwa akisema Zuhura. Mama alipompelekea sahani ya futari, sahani ilirudi na chakula cha kwao, mahindi yaliyokobolewa yakapikwa na kunde, ambayo yeye aliyaita muthokoi. Mama alishukuru kwa maneno matamu, akafunga mlango wa jikoni, akawapa kuku.

Siku moja ya Ramadhani, Baba alijikwaa kwenye ndoo ya Mpangaji, maji yakamwagika ukumbini. Mama alitoka mbio.

"Mpangaji! Mara ngapi nimekwambia usiweke ndoo njiani?"

"Mama, hiyo ndoo iko mahali yake ya kila siku. Ni mzee ameikanyaga."

"Mzee ana mawazo mengi."

"Si mawazo. Gazeti anasoma. Lakini kitu ikikaa hapa kando," akapunga mkono karibu na sikio lake, "haioni. Jana tulikaribia kugongana na yeye hapa hapa."

"Wewe umekuja kupanga, ama umekuja kupima watu macho?"

Mpangaji akachukua tambara, akapiga magoti kukausha maji.

Mwezi huo nyumba yetu ilikuwa na jambo kubwa kuliko ndoo. Zuhura alikuwa ameposwa na kijana wa Mambrui aitwaye Nassor, mwalimu wa shule, mpole, na dadangu alimtaka. Hilo nililijua kwa jinsi alivyoacha kunigombeza. Nassor hakuwa na baba. Mkubwa wake alikuwa ami yake, Mzee Sefu. Na mtaani kwetu posa haikujibiwa kwa barua. Wazee wa pande mbili walikutana kwa bahati, bahati iliyopangwa wiki mbili kabla, kwenye matembezi ya Idd pili ufukweni. Posa haikutajwa. Mkubwa wa mume alinyoosha mkono. Baba wa binti, kama ameridhia, aliushika kwa mikono yake miwili na kumuuliza mwenziwe hali ya nyumbani. Kama hakuridhia, alijibu salamu kwa mdomo, akapita. Hivyo ndivyo watu walivyokataana bila mtu kuaibishwa kwa maneno. Desturi nzuri, nami siilaumu. Haikutungwa kwa ajili ya watu wanaofichana.

Asubuhi ya siku hiyo Mama aliniita jikoni. "Leo mimi nitatembea na dadako, ndivyo inavyotakiwa. Wewe utakaa ubavuni kwa babako. Ukiona mtu anakuja, mguse kiwiko."

"Kwa nini, Mama?"

"Kwa sababu nimekwambia."

Ufukwe ulijaa. Watoto walipuliza vipenga, vibofu vililia, wauza mihogo walipiga makarai yao kwa vijiko. Zuhura, katika buibui jipya, alikatikiwa na gidamu ya kiatu karibu na ukuta. Mama akainama kuifunga, nasi tukawatangulia. Baba alikuwa amevaa kanzu mpya, nyeupe kama chumvi. Nami nilikuwa na kikaratasi cha mabuyu, yale ya rangi nyekundu, na vidole vyangu vyote vilikuwa vyekundu mpaka kwenye makucha.

Mzee Sefu alitokea upande wa ukutani. Alikuwa mtu mfupi, mnene, amevaa joho, na Nassor nyuma yake ameinamisha kichwa. Akasema, "Assalamu alaykum, Bwana Omari," akanyoosha mkono. Wakati ule ule watu watatu wengine walikuwa wakimwamkia Baba kutoka mbele. Niliuona mkono ule. Ulinyooshwa chini, usawa wa kiuno, una pete ya akiki. Nikainua kidole changu kukigusa kiwiko cha Baba. Nikaiona ile kanzu nyeupe, nikakiona kidole chekundu, nikakirudisha. Baba akasema kwa sauti ya furaha, "Wa alaykumu salaam, Idd mubarak, Idd mubarak," akiwatazama wa mbele, akapita.

Ningeweza kusema neno. Nimelifikiria neno hilo kwa miaka arubaini, nalo ni fupi: Baba, simama. Badala yake niligeuka kutazama nyuma. Mkono wa Mzee Sefu ulikuwa bado hewani. Akautazama kama wa mtu mwingine, akaurudisha, akaufuta kwenye joho lake taratibu. Nassor alimpita Zuhura bila kuinua macho.

Idd mosi Mama alikuwa amepeleka Mambrui sahani kubwa ya kaure yenye maua ya buluu, imejaa visheti na kaimati. Idd tatu ilirudi. Ilikuwa imeoshwa ikatakata, na ndani hamkuwa na kitu. Kwetu sahani hairudi tupu. Hata fukara hutia ndimu mbili au fundo la chumvi. Mama aliishika ile sahani kwa mikono miwili muda mrefu, kisha akaiweka rafuni kwa uangalifu, kama iliyojaa. Zuhura aliona. Akaenda kwenye karo uani, akaanza kufua nguo zilizokuwa safi.

Kuta za vyumba vyetu hazikufika darini, na alasiri ile nilikuwa nimelala upande wa pili.

"Bwana, hukumuona Mzee Sefu?" Mama aliuliza.

"Hakuja."

"Alikuja. Alikupa mkono."

Nikasikia gazeti likikunjwa. Kisha Baba akasema, kwa sauti nisiyoijua, "Mbele naona vizuri kabisa. Kando kumefunga."

"Najua. Nakugusa kiwiko tangu mvua za mwaka jana, utaniambia mimi? Nenda kawaeleze wenyewe."

"Niwaeleze nini? Ili wamuulize kijana, waoa nyumba ya vipofu? Wakiuliza kama ni maradhi ya ukoo, nijibu nini? Nani tena atagonga mlango huu kwa Zuhura? Na ofisini wakisikia? Wacha waniite mwenye kiburi. Mwenye kiburi huogopwa. Kipofu hushikwa mkono."

Leo, nikiwa na umri mkubwa kuliko aliokuwa nao Baba siku ile, siwezi kumcheka wala kumhukumu kwa wepesi. Alikuwa akimtetea binti yake kwa silaha pekee aliyoijua, nayo ndiyo iliyokuwa ikimchinja. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Nyumbani kwetu ilitosha sahani.

Siku mbili baadaye, Mpangaji alirudi kutoka kazini mapema, akamkuta Zuhura karoni, macho yamevimba, akifua tena. Hakumuuliza kitu. Aliniita mimi chumbani kwake. Kilikuwa chumba kidogo: kitanda cha kamba, sanduku la bati, kalenda ya kanisa, na mashati ya hoteli yaliyokuja kushonwa vifungo. Akaniuliza kumetokea nini, nami, ambaye sikuwa nimemwambia hata Mama, nikamwambia yote: mkono, kanzu, mabuyu, sahani, na niliyoyasikia nyuma ya ukuta wa chumba.

Akavishika vidole vyangu, akavigeuza. "Rangi imetoka?"

"Imetoka."

"Basi kesho ni siku yangu ya kupumzika. Utanionyesha nyumba ya huyo mzee."

"Mama ataniua."

"Hataua. Sikiza, Maimuna. Babangu alianza hivyo hivyo. Anaona mbele, kando haoni, anagonga watu kwa njia. Tukasema amelewa. Mzee hajaonja pombe maisha yake! Tulimwita mlevi miaka mbili, mpaka ile tundu ya mbele ikafunga pia. Daktari akatuambia, mngemleta mapema kungebaki kitu." Akatoka, akaingia ndani kwetu, akaichukua ile sahani ya buluu rafuni bila kuomba ruhusa. "Kupika najua. Kuamkia ndio sijui."

Tulimkuta Mzee Sefu barazani kwake Mambrui, na wenziwe wawili na birika la kahawa. Niliwaamkia shikamoo, mmoja mmoja. Mpangaji alisimama mbele yake na sahani yenye kifuniko.

"Wewe ndiye ule mzee wa mkono?"

Mmoja wa wale wazee akapaliwa na kahawa. Mzee Sefu akakunja uso. "Bibi, kwenu hawaamkii?"

"Wanaamkia. Nitajifunza ya kwenu. Kwanza hii." Akaiweka sahani mapajani mwake, akafunua: muthokoi, bado una joto. "Hii sahani ilirudi tupu. Hata kwetu hiyo ni matusi."

"Matusi nilitukanwa mimi, mbele ya mji."

"Ndiyo nimekuja. Kunja ngumi mbili, weka kwa macho, uchungulie kama kwa bomba."

"Lo! Yakhe, leo nimegeuzwa mtoto," akawaambia wenziwe, lakini alikuwa mtu mwenye udadisi, akafanya.

"Unaniona?"

"Nakuona, umesimama kama mnazi."

"Gazeti ungesoma?"

"Ningesoma."

Mpangaji akazunguka polepole hadi ubavuni kwake, akanyoosha mkono usawa wa kiuno, akatulia. Wale wazee wawili waliuona, nami niliuona, umepasukapasuka kwa sabuni. Mzee Sefu aliendelea kuchungulia mbele.

"Haya, kisha?"

"Kisha nakuamkia. Mkono wangu uko hapa tangu zamani. Mbona unaninyima?"

Akashusha ngumi. Akaukuta mkono karibu na kiwiko chake. Hapakuwa na aliyecheka. Mzee Sefu hakuwa mtu wa kuwapa mikono wanawake wa nje, nami nilimwona akisita, kisha akaushika.

"Babake huyu hakukunyima," Mpangaji alisema. "Hakuuona."

Mzee Sefu akanigeukia. "Ni kweli, mwanangu?"

Nikasema kwa mara ya kwanza lile ambalo nyumba nzima ilikuwa ikilijua. "Ni kweli, ami. Baba haoni kando."

"Na mbona hakusema?"

"Wewe ungesema?" akauliza Mpangaji. Mzee Sefu akalitazama birika lake la kahawa.

Ijumaa iliyofuata tulitoka matembezi kama kawaida, Mama akinung'unika kwamba ingekuwa bora tukae ndani. Karibu na gati, Mzee Sefu alisimama katikati ya njia, mbele kabisa ya Baba, kiasi cha hatua moja, akainua mkono hadi usawa wa kifua. "Bwana Omari, mkono wangu ni huu."

Baba akasimama. Nilimwona akielewa: uso wake ulikuwa kwanza mkali, kisha mtupu, kisha wa mtu aliyechoka sana. Akaushika mkono ule kwa mikono yake miwili.

"Nani kakwambia?"

"Aliyeniambia ana adabu kunishinda mimi na wewe. Sikiliza, yakhe. Kwangu mna kiziwi mmoja, mgonjwa wa kifua mmoja, na mjinga mmoja, ambaye ni mimi. Haya macho yako hayatatuharibia ukoo. Habari za nyumbani?"

"Njema," akasema Baba. Nyuma yangu nilimsikia Zuhura akivuta pumzi, ndefu, kama aliyetoka chini ya maji. Kesho yake sahani ya buluu ilirudi, imejaa halua.

Ningependa kukomea hapo, na mwandishi mwenye huruma kuliko mimi angekomea. Dadangu aliolewa, na hadi leo ana nyumba yake Mambrui. Baba alipelekwa Mombasa kwa daktari wa macho. Kilichokwisha potea hakikurudi, lakini kilichobaki kilibaki, kwa dawa ya matone asubuhi na jioni, na alisoma gazeti lake mpaka mwaka wa kufa kwake. Ofisini aliwaambia mwenyewe, nao hawakumfukuza; walimpa kazi ya kupokea barua. Yote aliyoyaogopa hayakutokea.

Lakini wiki ile ile Mama, ambaye sikuwahi kumsikia akimwonea mtu, alisimama kwenye mlango wa chumba cha uani akasema kwa maneno matamu kabisa kwamba tuna harusi, wageni watakuwa wengi, na chumba tunakihitaji. Jikoni alikuwa amesema kwa uwazi zaidi: "Katuvua nguo mbele ya watu." Mpangaji akajibu, "Sawa, Mama." Mimi nilikuwa pale, nimeshika ufagio, na vidole vyangu havikuwa na rangi yoyote, nikanyamaza mara ya pili. Hakuna mgeni wa harusi aliyelala katika chumba kile. Tulikitia makaa.

Siku aliyoondoka, sanduku lake lilitangulia kwa mkokoteni. Alikuwa akifunga leso kiunoni uani Baba alipotoka sebuleni, amevaa kanzu ya Idd, bakora mkononi.

"Unapita njia gani?"

"Nyuma ya soko, mzee. Ndiyo karibu."

"Pita ufukweni. Nitakusindikiza." Akaelekeza ncha ya bakora kwake, yeye akibaki ameshika mpini. "Shika hapo uniongoze. Upande wako ndio nisiouona."

Mama alikuwa mlangoni. "Bwana, watu watasema nini?"

"Watasema sioni."

Niliwafuata hatua tatu nyuma. Jua lilikuwa bado kali, na ukuta ulijaa watu. Mpangaji aliishika ncha ya bakora kama mtu aliyekabidhiwa kitu cha kuvunjika, na kwa kuwa hakumjua mtu yeyote kwa jina, alimwambia Baba yale tu aliyoyaona. "Kulia kuna mtu wa kofia nyekundu, ameinua mkono. Kushoto kuna mama mnene, ananiangalia mimi vibaya, wewe anakuangalia vizuri." Baba aligeuka kila upande, akatoa mkono, akaitambua kila sauti na kuijibu kwa jina, akicheka kuliko nilivyowahi kumsikia akicheka ufukweni. Watu walitupisha. Hakuna aliyesema kitu, nadhani kwa sababu hakikubaki cha kusengenywa.

Gatini wakasimama. Baba akairudisha bakora ubavuni, akanyoosha mkono mbele yake, akangoja mpaka ukashikwa.

"Umekaa kwangu mwaka mzima," alisema, "nami nasifika mjini kwa kujua majina ya watu. Nisamehe, mwanangu. Unaitwa nani?"

"Kalekye," akasema.

Baba akalirudia polepole, alivyoyarudia majina aliyokusudia kutoyasahau, kisha akanigeukia, akangoja na mimi niliseme.

Kalekye.